Sakinisha na Sanidua: Istilahi Mbili Mbele ya Seva ya Midia

Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, mjadala wa istilahi za kompyuta umekuwa aghalabu mjadala wa orodha za maneno. Makala haya yanalenga kupima istilahi mbili, sakinisha na sanidua, kwa kazi halisi ya nyumbani.

Ichukuliwe familia ya Uthiru au Kangemi yenye kompyuta kuukuu iliyonunuliwa katika barabara ya Luthuli, katikati ya jiji la Nairobi. Ndani yake mna filamu, video za harusi na sauti za wazee wakisimulia ngano, zilizohamishwa kutoka kwenye kanda. Seva ya midia ni programu inayoziorodhesha faili hizo na kuzipeleka kwenye simu na runinga za nyumbani kupitia ruta. Kwa kuwa faili hazitoki nje ya nyumba, kuzitazama hakuli bando. Kinachokula bando ni kuipakua programu yenyewe na picha za majalada.

Jellyfin ni mfano mzuri. Ni programu huria iliyochipuka kutoka Emby mnamo Desemba 2018, baada ya wenye Emby kuufunga msimbo wao. Ikishapakuliwa kutoka tovuti yake rasmi na kusakinishwa, hufunguliwa katika kivinjari kupitia mlango nambari 8096. Mwenye kompyuta hujipa jina na nywila, kisha huionyesha programu makabrasha yenye faili. Programu haizihamishi faili hizo. Huzisoma papo hapo zilipo na kujijengea daftari lake kando.

Hapa ndipo mtafiti wa fasihi simulizi anapopaswa kuwa macho. Seva hulinganisha majina ya faili na hazina za filamu za ughaibuni, na ngano ya Sungura na Fisi haimo humo. Inaweza kubandikwa jalada la katuni ya Marekani. Dawa yake ni kuzima utafutaji wa maelezo mtandaoni kwa kabrasha la ngano. Jambo la hatari zaidi ni kufuta. Anayefuta ngano ndani ya menyu ya Jellyfin haondoi kadi ya katalogi tu. Anaifuta faili yenyewe kwenye diski.

Sasa istilahi. Sakinisha ni kauli ya kusababisha ya sakini, yaani kukaa mahali, na lina mzizi mmoja na maskani. Neno hili limefaulu: programu hupewa makao. Sanidua lina kasoro. Kiambishi chake cha utenguzi ni kile cha funga na fungua, tega na tegua, lakini kinatengua sanidi, si sakinisha. Kwa umbo lake, basi, linaahidi kuvunja mipangilio, ilhali mara nyingi mipangilio ndiyo inayobaki. Katika Ubuntu zipo amri mbili: ya kwanza huiondoa programu na kuacha mipangilio yake, kama mpangaji wa Kawangware anayehama na kuacha misumari ukutani; ya pili, purge, huikomba na mipangilio. Katika Windows pia, daftari la seva laweza kubaki katika kabrasha la ProgramData baada ya programu kuondoka.

Ingefaa ondoa litumike kwa tendo la kwanza, na sanidua litengewe la pili, ambalo kwa kweli hutengua. Wanaotafsiri menyu za simu wameyachanganya matendo hayo mawili, na mtumiaji anayebofya hajui ni lipi analolifanya.

Tendo lolote kati ya hayo halipaswi kuligusa kabrasha la ngano, maadamu halikuwekwa ndani ya makabrasha ya programu yenyewe. Hata hivyo, nakala kwenye diski ya nje itangulie, kwa sababu kanda zilikotoka sauti hizo huenda hazichezi tena.