Riwaya za Upelelezi (3): Dakika Kumi za Daktari Sheppard

Juma lililopita tuliona jinsi Arthur Conan Doyle alivyomweka Dakta Watson kando ya Sherlock Holmes ili atusimulie visa. Watson haoni mbali kama rafiki yake, lakini hana hila. Wasomaji wakazoea kumshuku kila mtu isipokuwa msimulizi. Mwaka 1926, katika The Murder of Roger Ackroyd, Agatha Christie aliitumia imani hiyo kututega. Ambaye hajaisoma riwaya hiyo na aiweke makala hii kando kwanza, maana siwezi kuijadili bila kumtaja muuaji.

Mpelelezi Hercule Poirot amestaafu, analima mamung'unya katika kijiji cha King's Abbot. Hastings, msimulizi wake wa kawaida, yuko Argentina, na nafasi yake inashikwa na jirani, Daktari Sheppard. Tajiri Ackroyd anachomwa kisu chumbani mwake. Aliyemchoma ni Sheppard, yule yule anayetusimulia.

Wapo waliolalamika kwamba Christie aliwachezea rafu wasomaji wake. Sikubaliani nao hata kidogo. Usiku ule Sheppard yuko na Ackroyd, na barua imefika kutoka kwa Bi Ferrars, aliyejiua. Ndani yake limo jina la mtu aliyekuwa akimkamua fedha kwa kumtishia kufichua siri yake, naye ni Sheppard mwenyewe. Sheppard anatuambia barua zililetwa saa tatu kasoro dakika ishirini, na yeye akaondoka saa tatu kasoro dakika kumi. Hapo hakuna uongo. Dakika kumi zimepita bila maelezo, nasi hatukuuliza, kwa kuwa tulikwisha kumwamini daktari wa kijiji.

Baadaye maiti inapogunduliwa, anamtuma mtumishi Parker akapige simu polisi, kisha anasema tu kwamba alifanya machache yaliyohitajika kufanywa. Machache hayo yalikuwa kuitia mkobani mashine ya kunasa sauti, iliyowafanya watu waamini Ackroyd yu hai, na kukirudisha mahali pake kiti kilichoificha. Parker alikuwa amekiona kiti kile kimesogezwa. Poirot anashika hapo hapo.

Katikati riwaya inapwaya: kila mshukiwa ana siri yake, na baadhi ya siri hizo hazina uzito. Anayeiokoa ni Caroline, dada wa Sheppard, ambaye habari za kijiji kizima humfikia nyumbani kupitia watumishi na wachuuzi. Christie mwenyewe alimpenda sana, na alisema huenda Miss Marple, mpelelezi wake mwingine, alichipuka kutoka kwake.

Ninalolikataa ni uamuzi wa Poirot. Anampa Sheppard usiku mmoja ajimalize mwenyewe, ili Caroline asionje aibu. Mwanamke aliyejua siri za kila nyumba ananyimwa ukweli wa nyumba yake, na Poirot hakuwa na haki ya kumwamulia hilo.