Ndugu Akitiwa Pingu, Umati Ufanye Nini?

Tuseme ni siku ya gulio Usinge, wilayani Kaliua, kwenye reli iendayo Kigoma kutoka Tabora. Askari wawili wanamfikia kijana anayeuza kuku, wanamshika bega na kumwambia anatuhumiwa kuiba ng'ombe. Mama yake mdogo anapiga yowe. Kabla pingu hazijafungwa, watu wamekwisha kuwazunguka askari. Mmoja anamvuta kijana mkono, mwingine kang'ang'ania gwanda la askari. Kufumba na kufumbua, kijana ametokomea nyuma ya mabanda ya mitumba.

Waliomtorosha wanaamini wamemwokoa. Kisheria wamemzidishia mashtaka, na wao wenyewe wamejiingiza kwenye kesi. Alikuwa na tuhuma moja ya kujibu. Sasa anazo mbili, kwa kuwa kutoroka chini ya ulinzi halali ni kosa linalojitegemea, hata kama baadaye itathibitika kwamba ng'ombe hakuiba yeye.

Sheria inayohusika ni Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika Tanganyika tarehe 28 Septemba 1945 na ambayo hadi leo ndiyo inayotumika Tanzania Bara. Kifungu cha 243, kwa namba za toleo la 2022, kinamgusa mtu anayemshambulia mwingine ili kuzuia yeye au mwenzake asikamatwe kihalali. Kinamgusa pia anayemshambulia, anayemkaidi au anayemzuia kwa makusudi askari polisi aliye kazini, pamoja na anayemzuia raia anayemsaidia askari huyo. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5.

Kumpora mtuhumiwa kwa nguvu kutoka mikononi mwa ulinzi halali kuna kifungu chake, cha 115, na adhabu hupimwa kwa uzito wa kesi ya anayeokolewa. Ikiwa anakabiliwa na kosa la kunyongwa au la kifungo cha maisha, mwokozi naye anaweza kufungwa maisha. Ikiwa amefungwa au amewekwa rumande kwa kosa jingine, ni hadi miaka 7. Katika mazingira mengine ni kosa dogo, ambalo kwa kawaida adhabu yake haizidi miaka 2 jela, au faini, au vyote viwili.

Silaha ikiingia, hesabu inabadilika kabisa. Anayemjeruhi mtu kwa nia ya kuzuia ukamataji halali anaweza kufungwa maisha. Na mtu akifa katika purukushani hiyo, kifungu cha 200 kinasema kwamba dhamira ya kumsaidia mkosaji kutoroka inatosha kuhesabiwa kuwa dhamira ya kuua. Aliyerusha jiwe anaweza kuapa kwamba hakukusudia kuua mtu, lakini bado akasimama kizimbani kwa mauaji, na adhabu ya mauaji ni kunyongwa.

Nchi nyingine zina vipimo vyao. Kenya, sheria ya polisi ya mwaka 2011 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni moja za huko, au vyote viwili, kwa anayemshambulia au kumzuia askari. Uingereza, ambako mizizi ya sheria hizi ilitoka, anayemzuia polisi bila kumpiga hawezi kufungwa zaidi ya mwezi mmoja chini ya sheria yao ya mwaka 1996.

Lakini umati wa gulioni haukukusanyika bure: katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma, kuitikia yowe ni wajibu wa kila mwenye nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokithiri baada ya vita vya Kagera, wanakijiji wa Kahama na Nzega waliunda Sungusungu: vikundi vya ulinzi vyenye pinde, mishale na viongozi wao, vilivyofuata nyayo za mifugo usiku kucha kijiji hadi kijiji. Mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ulipopigwa, asiyetoka nje alitozwa faini au kutengwa. Serikali iliwatambua, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwapa walinzi hao mamlaka ya kukamata.

Ndiyo maana mwanakijiji asidhani kwamba ukamataji halali ni wa polisi peke yao. Mgambo anayefanya kazi ya polisi kwa mujibu wa sheria huhesabiwa kama polisi. Hata raia wa kawaida anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hana ruhusa ya kumpiga, kumfungia stoo wala kumtoza faini. Umati unaomchoma mwizi moto nao umezuia haki isifanyike.

Lakini sheria haimlindi askari kwa sababu tu ana bunduki. Inamlinda anapotekeleza wajibu wake halali, na neno hilo, "halali", ndilo linalobeba kesi nzima. Ibara ya 15 ya Katiba inakataza mtu kukamatwa isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka anayekamata amwambie anayekamatwa ni kwa kosa gani, na asimbane zaidi ya inavyohitajika kumzuia asitoroke. Upande wa mashtaka ukishindwa kuthibitisha kwamba askari alikuwa ndani ya wajibu wake, shtaka la kumzuia linakosa miguu.

Wananchi wana sababu ya kulishikilia neno hilo. Katikati ya miaka ya 1970, mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilishuhudia watuhumiwa wakiteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola wakati wa uchunguzi wa mauaji; mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu ili kuwajibika. Novemba 2024, eneo la Kiluvya, watu walijaribu kumsukumiza mfanyabiashara mmoja kwenye gari. Alipambana nao, video ikasambaa, na baadaye watuhumiwa wakafikishwa mahakamani jijini Dar es Salaam kwa madai ya kujaribu kumteka. Angewatii, pengine asingeonekana tena.

Kwa hiyo mama mdogo wa kule gulioni ana haki ya kuhofu, na ana mambo ya kufanya. Aulize kwa sauti inayosikika: "Afande, mnampeleka kituo gani, na kwa kosa gani?" Swali hilo halimzuii askari kufanya kazi. Aombe kuona kitambulisho cha asiyevaa sare. Anakili namba ya gari, amwite mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji ashuhudie, kisha amfuate kijana hadi kituoni. Huko mtuhumiwa anaweza kuomba awasiliane na wakili, ndugu au rafiki. Kwa makosa yasiyo ya kunyongwa, aliyekamatwa bila hati anapaswa kupata dhamana au kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Polisi wakivunja taratibu hizo, malalamiko yanapokelewa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Asiye na fedha za wakili anaweza kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Jeshi la Polisi nalo lina sehemu yake. Askari aliyevaa sare, aliyejitambulisha kwa jina na kulitaja kosa mbele ya watu, amewaondolea wanakijiji sababu ya kudhani kwamba ndugu yao anatekwa. Tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023, ilipendekeza mageuzi makubwa ndani ya jeshi hilo. Wananchi wa Usinge watayapima mageuzi hayo siku ya gulio, kwa namna askari wanavyomwendea kijana anayeuza kuku.