Usanisi wa Alkaloidi katika Gome la Msesewe: Mfano wa Miteremko ya Kilimanjaro

Katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga hutia gome la msesewe (Rauvolfia caffra) katika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ili kuipa uchungu. Gome hilo lina alkaloidi za indoli, ambazo mti huzitengeneza kwa hatua. Kwanza, kimeng'enya huondoa kaboni dioksidi katika triptofani, ambayo ni asidi amino, na kubaki triptamini. Kwa njia ya pili, jeranioli hubadilishwa hatua kwa hatua kuwa sekologanini. Viwili hivyo huunganishwa ndani ya vakuoli kuwa striktosidini. Glukosi ikishaondolewa, molekuli inayobaki huwa tete, na njia hugawanyika: tawi moja huishia kwenye ajmalini, inayoathiri mapigo ya moyo, jingine kwenye reserpini, inayoshusha shinikizo la damu. Kwa hiyo, uchungu unaopimwa kwa ulimi haubainishi ni alkaloidi ipi iliyomo, wala kiasi chake. Usalama wa mnywaji hauthibitishwi kwa ladha, bali kwa uchunguzi wa kikemia wa gome lenyewe. Aidha, msesewe uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa, na usanisi huo hukoma pamoja nao.