Dishi la mota Kampala: soma kipimo cha latitudo kabla ya kulipia mzigo

KAMPALA – Mfanyabiashara anayeagiza mota za dishi kutoka Dubai kupitia Mombasa aangalie kwanza namba zilizochorwa ubavuni mwa mota. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, na kipimo chake cha latitudo hakifiki sifuri. Kyebando, kando ya Northern Bypass, iko latitudo 0.36 kaskazini.

Setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786. Mkazi wa London huelekeza dishi kusini. Kyebando zinapita utosini, kutoka mashariki hadi magharibi, karibu katika mstari mmoja ulionyooka. Setilaiti ya DStv, digrii 36 mashariki, ina mwinuko wa digrii 86 hivi. Ya Azam TV, digrii 7 mashariki, iko upande wa magharibi kwa mwinuko wa 60.

Kwa hiyo mhimili wa mota unatakiwa ulale usawa kabisa, kaskazini kwa kusini. Mota isiyofika sifuri haijawa hasara bado. Mchomeleaji akate bomba na kuliunga ili sehemu ya juu iinamie kaskazini kwa digrii 45, kisha mota ifungwe kwenye alama ya 45. Mhimili utalala. Lakini kwenye risiva, sehemu ya USALS, andika mahali ulipo kweli: 0.4 kaskazini, 32.6 mashariki. Ukiandika 45, mota itazunguka kwa hesabu za Ulaya.

Pesa nyingi za mafundi hupotelea hapa: fundi anapata picha ya digrii 36, anakaza nati, analipwa, anaondoka. Jioni mteja anapiga simu kwamba Azam haipatikani. Sababu ni kwamba dishi linalotazama juu halijali nguzo imegeuzwa wapi. Zungusha bomba kidogo, mawimbi yatabaki yaleyale. Dishi likiinama digrii 30 kufuata setilaiti ya 7, kosa la digrii 2 kwenye nguzo huwa digrii 1 angani, na kwa dishi la sm 90 hiyo ni karibu nusu ya nguvu ya mawimbi. Mvua ikinyesha, picha hakuna.

Basi setilaiti ya 36 itumike kusahihisha ulalo wa mhimili tu, pamoja na pimamaji. Mwelekeo wa nguzo usahihishwe kwa ile ya 7, kisha uhakikishwe kwa setilaiti ya mashariki, mfano ya digrii 57. Dira isishikwe karibu na mabati wala bomba lenyewe. Wanaotegemea kivuli cha saa sita mchana wajue kwamba mwezi Machi na Septemba hapa hakuna kivuli cha kupima.

Dishi la namna hii pia ni bakuli. Toboa tundu dogo mahali maji yanapotuama.

Kwa wasafirishaji: dishi lililokandamizwa kwenye lori hupinda bila kuonekana kwa macho. Wakati wa kupokea mzigo, funga nyuzi mbili za pamba zikikatana katikati ya uso wa dishi. Zikigusana, ukingo umenyooka. Zikiachana, andika kwenye hati ya mzigo kabla dereva hajaondoka.