Kuongoza Onyesho la Mazishi ya Kaizari

Tanzia ni tamthilia ambayo mhusika wake mkuu huporomoka hadi maangamizi, mara nyingi kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwongozaji ndiye anayeamua waigizaji wasimame wapi, wasogee lini na wanyamaze kwa muda gani. Kwa maneno hayo mawili tuingie katika tendo la tatu, onyesho la pili, la tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri, nasi tukaijua kwa jina la Juliasi Kaizari.

Kaizari ameuawa. Brutus, mmoja wa wauaji, anapanda mimbari kuwaeleza raia wa Roma sababu. Amekwisha kumruhusu Antony, rafiki wa marehemu, aseme baada yake, kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Cassius, muuaji mwenzake, alimwonya kuhusu ruhusa hiyo, hakusikia. Amalizapo kusema, Brutus anawaomba watu wabaki wamsikilize Antony, kisha anaondoka peke yake. Anguko lake linaanzia katika hatua hizo chache, kwa hiyo zisipite kimyakimya pembeni mwa jukwaa. Watazamaji wamwone akiwapa kisogo watu ambao dakika chache baadaye watamwinda.

Hotuba mbili hizi hazifanani hata kwa umbo. Brutus anasema kwa nathari, yaani lugha isiyo na mizani, na sentensi zake zimepimwa mojamoja kama mawe ya ratili. Hoja imefungwa, msikilizaji hana pa kuingilia. Antony anasema kwa guni, shairi lenye mizani lakini lisilo na vina, na kila mara anaacha jambo nusu ili umati ulimalizie.

Pengo kubwa kuliko yote ni pale anaponyamaza, akisema moyo wake umekwenda kwa Kaizari na hana budi kungoja urudi. Raia wanaanza kusemezana. Je, analia kweli, au anasikiliza kama maneno yake yameshika? Matini hayasemi. Mimi naona yote mawili yanakaa pamoja, kwani mfiwa anaweza kulia kwa dhati huku sikio lake likiwa kwa waombolezaji. Lakini vyovyote mwigizaji atakavyochagua, kimya hicho kipewe urefu wake. Waongozaji wengi hukikimbiza kwa kuogopa kwamba jukwaa litapoa.

Kisha linakuja suala la umbali. Antony anataja wosia, anakataa kuusoma, anaomba ruhusa ya kushuka, na umati unamzunguka. Anainua joho la marehemu na kuonyesha kila tundu na mwenye upanga aliyelitoboa. Hapo mwongozaji akumbuke jambo moja: wakati wa mauaji Antony hakuwapo, kwa sababu Trebonius, mmoja wa waliokula njama, alikuwa amemvuta kando. Hawezi kujua tundu lipi ni la nani, na hakuna raia anayeuliza. Watu wanatimka kwenda kuchoma nyumba za wauaji, na ni yeye anayewarudisha, kwa kuwa wameusahau ule wosia walioupigia kelele: drakma 75 kwa kila raia, pamoja na bustani zilizo kando ya mto Tiber.

Basi umati huu uongozweje? Shakespeare amewapa maneno raia wanne tu, bila majina. Waliobaki wakiachiwa wapige kelele pamoja, watazamaji watasikia kelele, hawataona mtu akibadilika. Kundi la Meiningen kutoka Ujerumani, lililoonyesha tamthilia hii Berlin mwaka 1874, lilisifika kwa kuugawa umati katika vikundi vidogo, kila kimoja kikiongozwa na mwigizaji mzoefu. Njia hiyo inampa kila raia wakati wake wa kugeuka: huyu kwenye joho, yule kwenye chozi, mwingine hadi auone mwili.

Kwa sababu hizo, mazoezi yaanze na wasikilizaji, hotuba ya Antony ifuate. Kipimo cha kazi ni onyesho linalofuata, ambapo umati huohuo unamkuta njiani mshairi aitwaye Cinna. Jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Anawaambia waziwazi kwamba yeye siye, nao wanamrarua.