Leza Hufuata Rangi, Haiulizi Chanzo

Mwaka 1983 watafiti wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish, walieleza katika jarida la Science jinsi mwanga wa rangi maalumu, ukipigwa kwa muda mfupi mno, unavyoweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi bila kudhuru vilivyo jirani. Ndivyo leza inavyofunga vishipa vyekundu vinavyojichora kando ya pua na mashavuni. Mwanga wa njano wa nanomita 595 hufyonzwa na damu, damu hupata moto, kuta za kishipa huungua, kisha mwili wenyewe huondoa mabaki katika wiki zinazofuata. Tatizo ni kwamba melanini, inayoipa ngozi weusi wake, nayo huufyonza mwanga huohuo, tena iko juu ya mishipa. Kwa mtu mweusi, hata wa maji ya kunde, joto huweza kuishia njiani na kumwachia malengelenge, kisha baka jeusi au jeupe linalodumu miezi. Wapo watakaosema hayo yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi kuna leza ya nanomita 1064 ambayo melanini huifyonza kidogo tu. Ni kweli, na kwa ngozi nyeusi ndiyo nafuu. Lakini damu nayo huifyonza kidogo, hivyo daktari hulazimika kuongeza nguvu, na kipimo kinachofunga mshipa hukaribiana na kile kinachoacha kovu. Ndiyo maana ngozi hupozwa wakati wa tiba, na sehemu ndogo hujaribiwa kwanza.

Hata hivyo, kwa Afrika Mashariki naona chanzo cha uwekundu kina uzito kuliko aina ya mashine. Krimu za steroidi kama betamethasone na clobetasol, zinazopakwa usoni ili kung'arisha au kuchanganywa kwenye mkorogo, hupunguza unene wa ngozi na kutanua mishipa mpaka ikaonekana. Kumpiga leza anayeendelea kupaka ni kupaka rangi ukuta ambao bomba lake bado linavuja. Atajibu kwamba akiacha krimu uso huwaka na kuwa mwekundu zaidi, kwa hiyo krimu ndiyo dawa. Kuwaka huko ni ngozi iliyozoea steroidi kunyimwa ghafla. Huweza kudumu wiki hata miezi, na ndiko kunakowarudisha wengi dukani (wauzaji, bila shaka, hawalalamiki). Kunahitaji daktari wa ngozi. Vishipa vitakavyobaki ngozi ikishatulia, hivyo ndivyo vya leza. Rosasia, ugonjwa wa ngozi unaoleta wekundu usoni, nayo hupitwa kirahisi kwenye ngozi nyeusi, maana wekundu wake hujificha na mgonjwa hulalamikia muwasho na vipele. Leza huweza kufuta vishipa vyake, ila ugonjwa hubaki na vingine huota. Na wekundu uliotanda mashavuni na juu ya pua ukiambatana na maumivu ya viungo huenda ukawa lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili unaohitaji vipimo vya damu na mkojo kabla mtu hajafikiria mashine yoyote.