MAADUI WAJAO KWA MAWIMBI
Jinsi michezo ya simu inavyotungwa, na yatupasayo sisi wazazi

Msomaji mpenzi, bila shaka umekwisha kuliona jambo hili hata huko kijijini kwako. Jioni imefika, majembe yamewekwa, ugali uko jikoni, na kijana wako ameinama juu ya simu ya mkononi. Vidole vyaenda mbio, macho hayapepesi. Ukimwita, ajibu: “Naam, baba, bado kidogo tu.” Na ile “bado kidogo” yaweza kuchukua saa nzima. Ukimwuliza afanya nini, atakuambia kwamba maadui wanakuja, na akiondoka sasa watamshinda.

Wazazi wengine hukasirika na kuinyang’anya simu. Wengine hunyamaza tu, kwa kuwa jambo lenyewe hawalijui. Lakini asiyejua maana haambiwi maana. Afadhali kwanza tujue michezo hii hutungwaje. Hapo ndipo tutakapoweza kupambanua mchezo wa kuchangamsha akili na mchezo wa kumfunga mtoto kamba.

PWEZA, NGISI NA KAA

Katika michezo ya namna hii mchezaji hana kazi kubwa ila kubaki hai. Maadui humjia kundi baada ya kundi. Kila kundi watungaji huliita “wimbi”, na kila sehemu ya mchezo huitwa “hatua”. Mawimbi hayo hayaji ovyo. Yuko mtu aliyekaa akapima: waje wangapi, waje lini, wapite wapi, na mchezaji apate nafasi gani ya kujiokoa.

Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Bwana Tomohiro Nishikado wa Japani. Mwaka 1978 kampuni yake, Taito, ilitoa mchezo uitwao Space Invaders. Siku hizo mchezo ulikuwa katika mashine kubwa kama kabati, na watu walitumbukiza sarafu ili wacheze. Juu ya kioo wamepangwa wavamizi 55, safu 5 za wavamizi 11 kila moja. Huenda upande mmoja, wakifika ukingoni hushuka kidogo, kisha hugeuka. Chini yuko mchezaji na mzinga wake mmoja, na mbele yake ngome 4 za kujifichia, ambazo humeguka kila zipigwapo.

Swali la kwanza lilikuwa hili: maadui hawa wawe nani? Lilikuwapo wazo la kutumia askari. Wazo hilo likakataliwa, kwa kuwa kuwapiga binadamu risasi kulihesabiwa kuwa si jambo jema la kuchezea. Basi Bwana Nishikado akachora viumbe wa angani wenye sura za pweza, ngisi na kaa. Ona, msomaji: tangu siku hizo watengenezaji walijua ya kuwa mchezo nao una wema na ubaya wake.

Swali la pili lilijibiwa na mashine yenyewe. Ubongo wa mashine ile ulikuwa mdogo, wenye kusogeza mvamizi mmoja tu kwa mara moja. Walipokuwa wote 55, kundi lilihitaji karibu sekunde nzima ili kila mmoja apige hatua. Walipopunguzwa na risasi, kazi ya mashine ilipungua, na waliobaki wakaenda mbio zaidi. Bwana Nishikado hakuurekebisha upungufu huo. Aliuacha makusudi, maana aliona kwamba ndio utamu wa mchezo. Kadiri unavyokaribia kushinda, ndivyo hatari inavyozidi. Mvamizi wa mwisho hukimbia kama panya aliyeona paka. Na ukimmaliza yeye, kundi jipya latokea, nalo laanza chini zaidi, karibu nawe.

ADUI NAYE HUPUMZIKA

Mwaka 1980 Mjapani mwingine, Bwana Toru Iwatani wa kampuni ya Namco, alitoa mchezo wa Pac-Man. Ndani yake mchezaji hukimbia katika vichochoro huku akifukuzwa na mizimu 4. Huyu alitambua jambo kubwa: mtu akifukuzwa bila kukoma, atachoka na kukata tamaa. Kwa hiyo akaipa mizimu yake zamu. Katika hatua ya kwanza hutawanyika na kwenda pembeni kwa sekunde 7, kisha humfukuza mchezaji kwa sekunde 20, kisha hutawanyika tena. Wengi wachezao hawajui kabisa kama wanapewa pumzi. Wao huona tu ya kwamba mchezo ni mzuri.

Desturi hiyo imeendelea. Mwaka 2008 ulitoka mchezo uitwao Left 4 Dead, ambamo watu 4 hujaribu kuponyoka kundi la watu walioingiwa na ugonjwa wa kuwatia wazimu. Watungaji waliweka ndani ya programu kitu kama msimamizi asiyeonekana. Msimamizi huyu humpima kila mchezaji: ameumizwa kiasi gani? maadui wamemkaribia namna gani? Taabu ikifika kilele, huiacha hapo kwa sekunde chache tu, kisha huwazuia maadui kwa muda wa sekunde 30 hadi 45, watu wapate kupumua na kujipanga. Halafu huanza tena. Lakini tusidanganyike: mchezo huo una damu nyingi, nao katika nchi za Ulaya umepigwa alama ya 18, yaani si wa watoto.

SHAMBA LINALOSHAMBULIWA

Mfano utakaomfaa zaidi mkulima ni mchezo uitwao Plants vs. Zombies, uliotolewa mwaka 2009. Aliyeutunga ni Mmarekani, Bwana George Fan. Hapa askari ni mimea, na uwanja wa vita ni bustani mbele ya nyumba. Maadui ni mazombi, yaani maiti za hadithi zinazotembea. (Waelezeni watoto kwamba hayo ni masimulizi ya kuchekesha tu. Sisi twawaombea marehemu wetu, hatuwaogopi.)

Bwana Fan alitaka hata mama yake mzazi, ambaye hakuwa mtu wa michezo hii, aweze kuucheza. Tazama basi alivyopanga. Katika hatua ya kwanza bustani ina mstari mmoja tu wa kulinda, na mmea wa namna moja tu, mnjegere unaorusha punje zake kama risasi. Baadaye mistari huwa 3, halafu 5. Hakuna hotuba ndefu ya maelezo. Mtu hujifunza kwa kutenda, na kila mara huongezewa jambo moja jipya.

Tena kuna hesabu ndani yake. Ili upande mmea, sharti uwe na akiba ya mwanga wa jua. Alizeti huzalisha mwanga huo, na bei yake ni 50. Mnjegere bei yake ni 100. Mwenye haraka hupanda minjegere tu, akaishiwa. Mwenye busara hutanguliza alizeti, avumilie kidogo, kisha apate akiba ya kutosha. Je, si ndivyo alivyo mkulima anayeweka mbegu kabla ya kuuza mavuno yote?

Maadui nao wamepimwa. Zombi wa kawaida huanguka kwa punje 10. Aliyevaa kofia ya pia, ile inayowekwa barabarani, huhitaji 28. Aliyejifunika ndoo kichwani huhitaji 65. Wote watatu hutembea kwa mwendo ule ule, lakini ukiiona ndoo toka mbali, wajua mara moja kwamba hapa pana kazi. Huo ndio uungwana wa mtungaji mwema: humwonya mchezaji kabla ya kumpiga. Wimbi kubwa likikaribia, tangazo hutolewa. Na ukikosea katika mstari, mashine ya kukatia majani iliyo mlangoni hukuokoa mara moja, lakini haikuokoi mara ya pili.

MAHALI PENYE MTEGO

Mpaka hapa twaweza kumsifu mtungaji kama tunavyomsifu mwalimu mwema. Huanza na rahisi, huongeza ugumu pole pole, hutoa mapumziko, huonya, husamehe mara moja. Lakini maarifa yale yale yaweza kutumiwa vibaya. Anayejua saa ya kukupumzisha ajua pia saa utakayokuwa na tamaa kubwa, na hapo ndipo awezapo kukuuzia kitu.

Michezo mingi ya simu hutolewa bure, kisha wimbi huwa gumu kupita kiasi, na mara hutokea tangazo: lipa kidogo uendelee. Mingine huuza masanduku yaliyofungwa, nawe hujui kilichomo mpaka umekwisha kulipa. Mwaka 2018 wakuu wa Ubelgiji walisimama wakasema kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari, wakayapiga marufuku. Tena iko michezo isiyo na mwisho. Wimbi hufuata wimbi mpaka usiku wa manane.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni liliingiza utumwa wa michezo hii katika orodha ya magonjwa. Dalili zake ni hizi: mtu hawezi kujizuia, mchezo hutangulia mbele ya masomo, kazi na chakula, naye huendelea ingawa anaona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Basi si kila mtoto anayecheza ni mgonjwa. Lakini dalili hizi yafaa tuzijue mapema.

TUFANYE NINI?

Kwanza, keti na mwanao umwambie: “Hebu nionyeshe.” Mwulize maadui ni nani, na kama wanaopigwa ni watu. Mwulize kama mchezo una mwisho, na kama unaomba fedha. Atafurahi kukufundisha, nawe utajua mengi.

Pili, simu yenye fedha za nyumbani isiachwe mikononi mwa mtoto, wala namba ya siri asiijue.

Tatu, pale ambapo mtungaji hakuweka mapumziko, yatupasa tuyaweke sisi. Mungu mwenyewe ametupa siku ya kupumzika, kwa kuwa aijua asili yetu. Mwambie mtoto kabla hajaanza: “Hatua mbili, kisha ukateke maji.” Usimkatize katikati ya wimbi bila kumwonya, maana hapo ataona umemdhulumu. Mngoje wimbi lipite, kisha ushike neno lako bila kulegea.

Na tukitaka mfano, upo. Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alipenda kompyuta na michezo yake kama vijana wengine. Mama yake amesimulia kwamba Carlo alijiwekea saa moja tu ya kucheza kwa juma, asije akawa mtumwa. Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo wa 14 alimtangaza kuwa Mtakatifu. Hakuichukia michezo, bali aliitawala.

Wazazi wapendwa, wimbi lililo gumu kuliko yote ni lile la kusema “basi, yatosha” wakati moyo wataka zaidi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Leo jioni, kabla ya Rozari, mwombe mwanao akuonyeshe mchezo wake. Kisha izimeni simu, mkasali pamoja.